Faili si swali: mwaka wa kuomba uzamivu wa ustawi wa jamii

"Tangu utotoni nimekuwa na moyo wa kusaidia wenye shida." Maombi mengi ya PhD ya ustawi wa jamii yanayotoka kwetu hufunguliwa na sentensi hii au ndugu yake, na mengi huishia hapohapo. Sentensi yenyewe ni ya kweli. Afisa ustawi aliyekaa miaka sita kwenye halmashauri akipokea watoto waliotupwa, mashauri ya ndoa na wazee wasio na wa kuwapikia, moyo anao na umeshapimwa. Lakini wanaosoma maombi wanatafuta mtu mwenye swali ambalo halijajibiwa, na anayejua atalijibuje. Haya hapa yameandikwa kwa ajili ya afisa huyo, ili avuke mwaka wa maombi bila kurudia makosa ambayo sisi tuliotangulia tumeyalipia kwa fedha na kwa usiku wa kukosa usingizi.

Masomo ya Marekani huanza Agosti, na programu nyingi hufunga maombi kati ya tarehe 1 Desemba na katikati ya Januari. Kwa hiyo kazi inaanza Juni ya mwaka uliotangulia, miezi kumi na minne kabla ya kukaa darasani. Anayeanza Oktoba huishia kukimbiza karatasi, na swali lake linakwenda kwa kamati likiwa bichi.

Juni ni ya kuchagua njia. Kwanza tofautisha PhD na DSW, maana matangazo ya mtandaoni huzichanganya na watu wameumia. DSW ni shahada ya juu ya utendaji. Nyingi husomwa mtandaoni na mara nyingi mwanafunzi hujilipia. PhD ni ya utafiti, na programu nyingi za kutwa za Marekani humsamehe mwanafunzi ada na kumpa posho, naye hufanya kazi ya utafiti au kufundisha. Nyingi zinataka uzamili wa ustawi wa jamii, yaani MSW, na kadhaa zinaongeza miaka miwili ya kazi baada ya uzamili huo. Mwenye uzamili wa sosholojia, maendeleo au afya ya jamii asikate tamaa, ila auandikie uongozi wa programu mapema na kuuliza, asije akalipa ada ya maombi kisha akaambiwa hana sifa. Na usishtuke usipoona muhuri wa CSWE, baraza la Marekani la elimu ya ustawi wa jamii, kwenye PhD: baraza hilo huthibitisha shahada ya kwanza na uzamili, halithibitishi PhD. Orodha nzuri ya programu inapatikana kwa GADE, umoja wa programu za uzamivu za fani hii.

Njia ya Afrika Kusini na Uingereza ni nyingine kabisa. Kule hakuna miaka miwili ya madarasa na mitihani kama Marekani; unaingia na pendekezo la utafiti na kuandika tasnifu, kwa hiyo bila msimamizi aliyekubali kukusimamia, maombi yako hayana pa kushikilia. Mtanzania au Mkongo ana faida moja Afrika Kusini ambayo wengi hawaijui: kwa itifaki ya elimu ya 1997 ya SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, wanafunzi wa nchi wanachama wanapaswa kuhesabiwa kama wenyeji kwenye ada, ingawa vyuo vingi huongeza tozo ya wanafunzi wa kigeni. Mkenya na Mganda hawamo SADC, wapige hesabu nyingine. Vyeti vya nje hukaguliwa na SAQA, mamlaka ya sifa za elimu ya Afrika Kusini, na ukaguzi huo huchukua wiki, kwa hiyo usiuache hadi mwisho.

Jambo moja la kufanya kabla ya kutoa hata shilingi: hakikisha ubalozi unatoa viza za masomo kwa raia wa nchi yako kwa wakati huo. Amri ya Marekani ya Juni 2025 ilizuia viza za wanafunzi kwa raia wa nchi kadhaa, Burundi ikiwemo, na masharti yameendelea kubadilika tangu hapo. Soma tangazo la ubalozi wenyewe. Maneno ya wakala anayetaka umlipe hayatoshi.

Julai na Agosti ni za swali, na hapa ndipo pa kutumia nguvu zako nyingi.

Afisa ustawi ana utajiri ambao mhitimu wa moja kwa moja hana, nao umo kwenye kabati la mafaili. Chukua mafaili kumi uliyoyashughulikia mwenyewe, yasome upya, na kila moja jiulize ni kitu gani kilitokea ambacho mafunzo yako hayakukitarajia. Mtoto uliyemrudisha kwa baba yake mwenye kazi na nyumba alitoroka baada ya wiki tatu. Mwingine uliyempeleka kwa bibi anayeuza mchicha yupo hadi leo, na yuko darasa la sita. Kwa nini? Mshangao huo ndio mbegu. Ukiwa na mafaili mawili au matatu yanayokushangaza kwa namna moja, umeshapata pa kuanzia.

Tuchukue mfano huo tuufuate hadi mwisho. Mwombaji wa kawaida angeandika: "Changamoto zinazowakabili watoto wanaoishi katika mazingira magumu Afrika Mashariki." Hapo hakuna swali, kuna kichwa cha semina. Akijitahidi ataandika: "Sababu za watoto kutoroka baada ya kuunganishwa na familia." Afadhali, lakini watoto gani, wapi, na sababu hizo atazijuaje? Sasa soma hili: "Kwa watoto wa miaka 8 hadi 14 waliotolewa kwenye makao ya watoto Kisumu na kukabidhiwa kwa bibi au shangazi, je, idadi ya ziara za ufuatiliaji katika miezi sita ya kwanza inahusiana na mtoto kubaki kwenye familia hiyo baada ya mwaka?" Hapo msomaji anaona watu, mahali, muda, kitu cha kuhesabu, na mahali data itakapotoka. Anaona pia kwa nini swali lina uzito sasa, maana Kenya ina mkakati wa kitaifa wa 2022 hadi 2032 wa kuwatoa watoto kwenye makao na kuwarudisha kwenye familia, na kila afisa wa kaunti anaulizwa ameshawarudisha wangapi. Wangapi wamebaki ni swali lisiloulizwa sana.

Likishakaa sawa, lipige misukosuko. Ziara zinaandikwa kwenye faili kweli, au afisa hupiga simu na kuandika "nimetembelea"? Je, watoto waliotembelewa sana ni wale waliokuwa na matatizo tangu mwanzo? Kama ndivyo, ziara nyingi zitaonekana zinaandamana na kutoroka, na utafikia hitimisho lililopinduka. Mwombaji anayelitaja tatizo hili mwenyewe na kusema atakavyolikabili, kwa mfano kwa kulinganisha watoto waliokuwa na hali inayofanana siku ya kukabidhiwa, anakuwa ameonyesha zaidi ya cheti chochote. Kurasa nzima kuhusu huruma hazifikii aya hiyo moja.

Kujua kama swali ni jipya kunataka kusoma, makala 30 hivi kwa uchache. Google Scholar haina malipo, na jarida la African Journal of Social Work linasomwa bure. Tengeneza jedwali la safu nne: nani aliandika, wapi alifanyia, alipimaje, na nini hakukigusa. Safu ya nne ndiyo itakayoandika pendekezo lako.

Angalizo ambalo fani yetu hailisamehe: usiweke kwenye maombi jina la mteja, mtaa wake, wala tukio ambalo mtu wa wilaya ile akilisoma atamjua mhusika. Tumeona maelezo binafsi mazuri yakiharibiwa na kisa cha binti aliyebakwa kilichosimuliwa kwa undani ili kumgusa msomaji. Msomaji aliguswa, halafu akajiuliza mwombaji huyu atatunzaje siri za watu 200 wa utafiti wake.

Septemba unatafuta watu. Angalia nani ameshika kamba iliyo jirani na yako. Mfano ulio wazi kwetu ni Fred Ssewamala, Mganda, profesa wa Washington University mjini St. Louis, ambaye kwa miaka mingi amepima jinsi akaunti za akiba zinavyosaidia watoto yatima wa UKIMWI kusini mwa Uganda. Wazo la akiba kama njia ya ustawi alikuwa ameliendeleza Michael Sherraden katika chuo hichohicho, na Ssewamala, aliyesomea uzamivu hapo, alilileta kwa watoto wa Masaka. Kwa upande wa Afrika Kusini, Leila Patel wa Chuo Kikuu cha Johannesburg ameandika sana kuhusu ustawi wa kimaendeleo na ruzuku za watoto. Nawataja ili uone namna ya kufikiri: unafuata swali linakoishi, kisha chuo kinakuja chenyewe. Kuomba chuo kwa sababu jina lake ni kubwa, wakati hakuna hata mwalimu mmoja anayegusa jambo lako, ni kutupa dola 80 za ada ya maombi.

Barua pepe kwa profesa iwe fupi, maneno 150 hadi 200. Fungua kwa kujitambulisha kwa sentensi moja: cheo, mahali, miaka. Kisha taja makala yake moja uliyoisoma na kitu kimoja ndani yake kilichokufanya ufikiri; usiandike "nimevutiwa sana na kazi zako", maana hilo anaandikiwa kila siku. Sentensi mbili za swali lako. Mwisho muulize jambo linalojibika kwa ndiyo au hapana: anapokea mwanafunzi mpya mwaka ujao? Ambatisha wasifu wa kurasa mbili, basi. Salamu ndefu, pole za kumsumbua na dua za mwanzo, ambazo kwetu ni adabu, kwake zinaficha swali mpaka mwisho wa ukurasa, na huenda asifike. Asipojibu, mkumbushe mara moja baada ya wiki mbili au tatu. Akinyamaza tena, endelea na mwingine bila kinyongo. Kunyamaza kunauma, tusidanganyane. Katika barua kumi, tatu zikijibiwa umefanya vizuri.

Sasa barua za mapendekezo, ambako maombi mazuri mengi hufia. Zinatakiwa tatu kwa kawaida. Angalau mbili zitoke kwa walimu waliokuona ukifanya utafiti, hasa msimamizi wa tasnifu yako ya uzamili. Ya tatu inaweza kutoka kwa bosi wa kazini. Barua ya mkurugenzi anayesema wewe ni mtiifu na unawahi kazini haina kazi hapa. Mpe kila mmoja ukurasa mmoja wenye swali lako, orodha ya vyuo na tarehe zake, na mambo mawili au matatu ambayo yeye mwenyewe aliyashuhudia: jinsi ulivyorudia kukusanya madodoso yaliyokuwa na kasoro, alama uliyopata kwenye somo la takwimu. Si kumwandikia barua; ni kumkumbusha.

Mfumo wa maombi ndio unaomtumia mwalimu kiungo cha kupakia barua. Walimu wetu wengi hutumia anwani za Gmail au Yahoo, na vyuo vingi huzitilia shaka au huzikataa. Muombe anwani ya chuo chake na uhakikishe inafanya kazi, kwa sababu nyingi zimekufa bila mwenyewe kujua. Mwambie aangalie sanduku la barua taka. Mfumo utakuuliza kama unaacha haki ya kuisoma barua hiyo. Kubali kuiacha, kwa kuwa barua ambayo mwombaji anaweza kuisoma hupewa uzito mdogo. Na uwe na mtu wa nne wa akiba. Mwalimu anaweza kuugua, kusafiri kijijini kwenye msiba, au kusahau tu, na mfumo hauna huruma. Mkumbushe wiki tatu kabla, wiki moja kabla, halafu mpigie simu. Kumpigia simu mwalimu si utovu wa adabu. Amezoea kuombwa, na simu ndiyo inayofanya kazi kwetu.

Transkripti usiichezee. GPA ya Tanzania ni ya 5, ya Marekani ni ya 4. Usijigeuzie mwenyewe: andika 3.9 kati ya 5.0 kama ilivyo na uache chuo au shirika la tathmini kama WES ligeuze. Aliyeandika 3.9 bila kutaja kiwango ameonekana wa ajabu kwenye fomu, na transkripti ilipofika ameonekana mwongo. Tathmini hizi zinagharimu, na karatasi lazima zitoke chuoni kwako moja kwa moja kwa bahasha iliyofungwa au kwa mfumo, kwa hiyo nenda ofisi ya msajili Septemba, si Novemba wakati wa mahafali.

Majina pia. Kidato cha nne unaitwa Asha J. Mwinyi, shahada Asha Juma, pasipoti Asha Juma Mwinyi Salim. Kwa mtu wa kwetu ni mtu mmoja, kwa mfumo ni watatu. Pata hati ya kiapo au hati ya kubadili jina mapema, na jina la pasipoti ndilo litumike kila mahali.

Fedha tuzihesabu wazi. Ada ya maombi Marekani ni kama dola 50 hadi 100 kwa kila chuo. Vyuo vitano ni takriban 400. Mtihani wa Kiingereza unazidi dola 200, na tathmini ya vyeti inaweza kufika hapo pia. Kwa hiyo unaweza kutumia dola 800 au zaidi kabla ya jibu lolote, na hizo hazirudi. Ukipata nafasi, kuna dola 350 za SEVIS, mfumo wa serikali ya Marekani wa kusajili wanafunzi wa kigeni, na 185 za viza, mbali na tiketi. Punguza unapoweza: vyuo vingi vina msamaha wa ada ya maombi, lakini lazima uombe kwa barua kabla ya kubonyeza kitufe cha kutuma, kwa sababu ukishalipa, ada hairudi. Baadhi humsamehe mtihani wa lugha aliyesoma shahada kwa Kiingereza, kwa barua ya chuo inayosema hivyo. Matokeo ya IELTS, mmoja wa mitihani hiyo ya Kiingereza, hudumu miaka miwili, usiufanye mapema mno. GRE, mtihani wa jumla wa kuingilia masomo ya juu Marekani, vyuo vingi vimeiacha. Angalia kimoja kimoja kabla ya kujisajili. Na usilipe jarida la mtandaoni linaloahidi kuchapisha makala yako ndani ya siku tano. Kamati inayajua majarida hayo, na jina lako likikutwa humo linakushusha.

Saa zimewaangusha watu wengi. Mwisho wa "11:59 usiku tarehe 1 Desemba" kwa saa za New York ni saa moja na dakika 59 asubuhi ya tarehe 2 kwetu. Hilo linakupa nafuu kidogo, lakini usiitegemee; umeme na bando havina mkataba na wewe. Tuma siku tano kabla. Usaili huja Januari au Februari, mara nyingi kwa Zoom, dakika 20 au 30. Wakiandika 10:00 asubuhi ya New York, kwetu ni saa kumi na mbili jioni, wakati wa maghrib na foleni. Andika saa zote mbili kwenye karatasi ubandike ukutani. Uwe na simu yenye bando kando ya kompyuta. Watakuuliza swali lako, watakuuliza kwa nini hapo, na karibu kila mara watakuuliza ni njia gani ya utafiti unayoijua vizuri na ipi bado. Ukisema takwimu zako ni dhaifu na unataka kujifunza, hujapoteza kitu. Ukijifanya unajua, swali la pili litakuumbua.

Majibu huja Februari na Machi. Programu nyingi huchukua watu wachache, pengine chini ya kumi, kwa hiyo kukataliwa si hukumu ya akili yako. Barua ya kukataliwa huwa na mistari minne na haina sababu. Siku ile acha, lia ukitaka. Wiki ijayo muandikie profesa mliyewasiliana umuulize sehemu ipi ilikuwa dhaifu. Wengi hawatajibu, ila anayejibu anakupa zawadi, na waliorudi mwaka wa pili na swali lilelile lililosafishwa wamepokelewa.

Ukipokelewa, isome barua ya ufadhili kama mkataba wa nyumba. Posho ni ya miezi 9 au 12? Imehakikishwa miaka mingapi? Bima ya afya imo? Kuna ada ndogondogo zisizosamehewa? Posho hukatwa kodi. Viza ya F-1, ya mwanafunzi, hukuruhusu kazi ya chuoni isiyozidi saa 20 kwa wiki wakati wa muhula, na mwenzi mwenye F-2, viza ya familia ya mwanafunzi, haruhusiwi kufanya kazi, kwa hiyo mnaotaka kuhamia na watoto kaeni chini mpige hesabu kabla ya kusema ndiyo. Kwa vyuo vilivyosaini makubaliano ya 15 Aprili, una haki ya kufikiri hadi siku hiyo kwa nafasi yenye ufadhili. Anayekubana ujibu Machi, mkumbushe kwa upole.

Mtumishi wa umma achukue ruhusa ya masomo kwa maandishi kabla ya kupanda ndege. Na kitu kimoja zaidi, ambacho watu hukikumbuka wakiwa tayari ng'ambo: wakati bado uko ofisini na mkurugenzi anakufahamu, omba barua yenye muhuri inayosema ofisi iko tayari kukupa nafasi ya kuyafikia mafaili kwa utafiti, baada ya kibali cha maadili na kibali cha utafiti cha COSTECH (Tanzania) au NACOSTI (Kenya). Utarudi kuyahitaji baada ya miaka miwili au mitatu. Mkurugenzi atakuwa amehamishwa, kabati limehamishwa, na karani mpya hatakujua. Ipige picha barua hiyo, jitumie mwenyewe kwa barua pepe, na nakala ngumu mwachie mtu nyumbani.